Malalamiko Dhidi ya Maganda Matatu ya Risasi Yaliyoikosea Adabu Bunduki ya Bwana Akida

Matombo, 14 Mei 1912

Kwa Mheshimiwa Bwana Akida Abasi bin Yunusi,
Barazani kwake.

Bwana Akida,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya wote wa nyumba hii wasiojua kuandika. Huku milimani hatujambo. Mvua inanyesha, migomba imesimama, na anayelalamika ni mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mimi, Agustino, fundi wa vyuma, yule uliyemzoea, mwenye karakana kwenye njia ya kushukia mtoni.

Sikulalamikii wewe, Mungu aniepushe. Nalalamika kwako, kama mtu anavyompelekea mkubwa wake habari za wahuni waliomtukana akiwa hayupo. Wahuni wenyewe ni maganda matatu ya risasi, ya shaba ya manjano, urefu wa kila moja milimita sitini. Hayana baba, hayana jumbe, hayalipi kodi, na kwa mwezi mzima sasa yamekuwa yakisema maneno mabaya sana juu ya bunduki yako.

Narudia kwanza kesi uliyoiamua mwenyewe, isije ikaonekana nimeisahau. Jumatano ya baada ya Pasaka tembo dume aliingia kwenye mahindi ya watu kule bondeni karibu na Ruvu, akapigwa risasi tatu, akafa. Pembe zake zikaondoka. Nyama ikabaki, na kulipokucha kila mwenye kisu alikwenda, akiwemo mpwa wangu Stefano, mtoto wa dada yangu Kristina. Ulipofika na askari wako wawili ulimkuta Stefano mkono umeingia tumboni mwa tembo mpaka begani. Nyumbani kwake mkapata gobore aliloachiwa na mjomba wake mkubwa. Ukasema ndiye aliyempiga tembo bila cheti, na ndiye aliyeficha pembe. Boma likakubali neno lako. Akala hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, akafungwa miezi sita. Sasa tumeambiwa kwamba Jumatatu ijayo, tarehe ishirini, wafungwa wa mnyororo wake watapelekwa kuvunja mawe ya reli upande wa Ngerengere. Wewe umewaona waliorudi kutoka huko, na mimi nimewaona. Stefano anakohoa tangu utotoni. Kwetu Waluguru, kama ujuavyo, mtoto wa dada ndiye mtoto. Akipotea, atakayeulizwa na ukoo ni mimi, wala si baba yake.

Hiyo ndiyo kesi, nami sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya maganda.

1. Yalikutwa mahali ambapo hayakualikwa. Kristina aliyaokota asubuhi ile ile, kama hatua arobaini kutoka kwenye kichwa cha tembo, nyuma ya kichuguu, yote matatu yamelala karibu karibu. Aliyaokota kwa sababu ambayo mwanamke yeyote wa huku angeyaokota, yaani kwa ajili ya ugoro. Ganda la risasi likizibwa kwa kipande cha gunzi, ugoro haulowi hata masika yakizidi. Hakuwa na nia ya ushahidi. Alikuwa na nia ya kupiga chafya.

Sasa, Bwana Akida, hukumu inasema tembo alipigwa kwa gobore, nami naiheshimu hukumu. Ila gobore hulishwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, risasi, kisha mdeki wa kushindilia. Likilia, kila kitu hutoka kwa mdomo ule ule, na kinachobaki ni moshi na bega linalouma. Halina ganda. Basi ama gobore la Stefano lilitaga, ama maganda yalitembea yakafika pale yenyewe. Kwa kuwa sipendi kusema jambo nisilolijua, nilichunguza. Niliazima magobore manne ya majirani, nikayafyatua, kisha nikayalaza juu ya majani makavu mahali pa joto, pembeni ya kuku anayeatamia, ili yapate mfano. Nikangoja siku tatu. Hayakutaga. Moja lilitoa nyigu.

Nilimwambia mwenye gobore hilo kwamba pengine lake ni dume, akanipokonya akaondoka nalo.

2. Yanajifanya yanaijua bunduki yako. Hapa naomba unisikilize kidogo, ingawa ulikwisha kuniambia huna haja ya kujua yaliyomo ndani ya bunduki maadamu mlio unasikika.

Ganda jipya likitoka Ulaya huwa jembamba kidogo, ili liweze kuingia bunduki yoyote ya namna yake. Nyuma ya mtutu kuna chumba kidogo ambamo risasi hulala ikisubiri. Sisi mafundi tunakiita tumbo. Baruti ikiwaka, shaba hutanuka, ikalijaza tumbo lile mpaka ikabanwa na kuta zake zote. Ikitolewa inakuwa imekwisha kuchukua umbo la chumba, na husinyaa kwa unywele tu. Na hakuna matumbo mawili yaliyolingana, maana kila moja lilichongwa na mtu wake siku yake, na kila moja limeliwa na kutu yake. Kwa hiyo ukinipa ganda lililokwisha kulia, nitakuambia tumbo la bunduki yake lina upana gani, hata kama bunduki yenyewe iko Unguja.

Ndiyo maana katika kazi yetu ile, unayoijua, ambayo kwenye karatasi hatuitaji kwa jina, sikuanza kwa kujaza baruti. Nilianza kwa kupima. Fundi asiyepima akijaza risasi, ama haitaingia, ama itaingia isitoke, ama itatoka pamoja na jicho la mwenye bunduki. Uliniletea maganda yako nami nikayapima yote, kitako, tumbo, bega, shingo na mdomo, kwa kile kipimo cha kutelezesha nilichopewa na fundi mmoja Mgiriki wa reli, kinachoigawa milimita moja mara kumi. Nikashika hesabu ya ganda lililonenepa kupita yote, kwa kuwa shaba iliyokwisha kulia mara nyingi hukakamaa na kujifanya nyembamba, na mimi namwamini mnene. Ganda jipya, kitakoni, ni milimita kumi na tatu na sehemu moja. La kwako lilikuwa kumi na tatu na sehemu sita. Nilidhani nimekosea. Nikala, nikapima tena. Tumbo la bunduki yako, Bwana Akida, ni kubwa kuliko la bunduki yoyote niliyopata kuishika, na nasema hivyo kwa heshima, maana wewe hujawahi kuwa na kitu kidogo.

Basi haya matatu ya Kristina ni kumi na tatu na sehemu sita. Yote. Nani aliyaambia?

3. Yamethubutu kuiga hata kipele. Katika tumbo la bunduki yako, karibu na bega, kuna kishimo cha kutu chenye ukubwa wa punje ya ulezi. Tunajua wote wawili kilivyopatikana. Masika ya mwaka juzi uliisimamisha bunduki chini ya paa linalovuja, ukaiziba mdomo kwa kitambaa chenye maji ili isipate vumbi. Nilipokuambia kwamba bunduki huogopa maji kuliko vumbi, uliniuliza ni nani kati yetu aliye akida. Swali lilikuwa na jibu, nikaendelea kuipaka mafuta. Tangu hapo kila ganda linalotoka humo hutoka na kipele upande mmoja. Ukucha ukipita unakisikia.

Maganda ya Kristina yana kipele hicho, ukubwa ule ule, milimita arobaini na mbili kutoka kitakoni. Nimeupima umbali huo mara saba. Mara ya nane dada yangu alininyang'anya ganda lake, akaliziba kwa gunzi, akasema nimemkaushia ugoro.

4. Yamekataa kupokelewa na bunduki nyingine yoyote. Usidhani nilikimbilia kuamini ubaya. Nilihangaika kuyatafutia bunduki nyingine ya kuyachukua, hata ya mbali, ilimradi jina lako lipumzike. Askari mmoja aitwaye Mosi, anayelinda njia ya Mikese, alinipa ya kwake nijaribu, kwa kuwa niliwahi kumtengenezea kufuli. Maganda yaliingia nusu yakagoma. Mosi akausukuma mtambo wa kufungia tumbo kwa kiganja, kisha kwa goti, haukufunga, akanitukana kwa lugha tatu. Nilikwenda kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mpira, ambaye ana bunduki ya namna hiyo na huwaazimisha watu ovyo. Yakagoma tena.

Kisha Alhamisi iliyopita ukanitumia ya kwako niinyooshe kile kijino kinachovutia ganda nje. Nilikuwa peke yangu karakanani. Nikasema hebu niyakomeshe haya maganda, yaaibike mbele ya bunduki yanayoisingizia. Yaliingia yote matatu, moja baada ya jingine, na mtambo ukajifunga kwa kidole kimoja. La mwisho nililizungusha taratibu mpaka kipele kikalala ndani ya kishimo chake, nikasikia kimetulia. Niliona aibu kwa niaba yako, nikalitoa upesi, nikaangalia mlangoni.

5. Lalamiko hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa linagusa sifa yako. Maganda haya yamekuharibia hesabu.

Boma hukupa risasi thelathini za kulinda nchi, na kila mwaka hutaka kuziona. Kila mwaka umezirudisha zote thelathini zikiwa zimejaa, zinameremeta, hakuna hata moja iliyofyatuliwa. Mwaka jana Bwana Mkubwa wa boma alikusimamisha mbele ya maakida wenzako akasema tazameni mtu anayetawala kwa maneno matupu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa kuwa ndiye niliyezing'arisha kwa majivu na ndimu. Risasi zile zile thelathini zimekufa na kufufuka mikononi mwangu mara nne. Katika miaka hiyo hiyo wilayani mwetu wamekufa nyati watano, viboko wawili, pofu sijui wangapi, na sasa tembo mmoja, na wewe hujafyatua. Nchi hii ina wanyama wenye adabu, wakikuona wanajifia wenyewe.

Mwezi huu yakawa yamebaki maganda ishirini na saba, maana matatu yalikuwa kwa Kristina yakinuka tumbaku. Hesabu ya boma ikawa imekaribia. Ukatuma askari wapite nyumba kwa nyumba kuwapokonya wanawake maganda yao ya ugoro. Walikusanya kumi na tisa. Mwanaasha, yule mjane, alilifuata la kwake mpaka kizingitini pako, kwa sababu aliachiwa na mumewe, na askari wako wakamcheka. Kristina aliyatia ya kwake ndani ya chungu cha maharage yanayochemka, ndiyo maana hamkuyapata. Ukaniletea gunia lote, ukaniambia chagua matatu yoyote ujaze, kwani ganda ni ganda.

Bwana Akida, siku ile ndipo nilipojua kwamba tumefanya kazi pamoja miaka minne na hujanisikia hata neno moja. Ganda si ganda. Katika yale kumi na tisa, kumi na mawili yalikuwa ya bunduki nyembamba za siku hizi, moja lilikuwa kikombe cha taa, na matatu yalikuwa yamepasuka tangu mwaka ule wa vita, ambao huku hatupendi kuuzungumza. Nikabaki na matatu yanayofaa. Nikayaosha, nikayachemsha, nikayajaza, nikakukabidhi. Lakini ugoro wa mlimani ukiingia kwenye shaba haujui kutoka. Nasikia karani wa boma alipozihesabu risasi zako alipiga chafya mpaka hesabu ikampotea, na mwisho akaandika thelathini na moja. Kwa hiyo sasa serikali inaamini kwamba Akida Abasi si kwamba hafyatui tu, bali risasi zake zinazaana. Hongera.

6. La mwisho, maganda haya yananisumbua mimi mwenyewe. Nayaona nikila. Nikishika tupa nayaona. Felista, mke wa Stefano, analima peke yake sasa, na kila asubuhi kabla ya kwenda shamba husimama pale kwenye kona ya njia ya mjini na jembe begani. Akiniona anasema shikamoo mjomba, nami ninaitikia, kisha ninaingia karakanani na kupima maganda. Sijui kwa nini nimeliandika hili hapa. Silo lalamiko, lakini nilipoanza kuliandika nilikuwa nimekasirika, na sasa siwezi kulifuta.

Kwa sababu hizo, Bwana Akida, na kwa kuwa wewe ndiye kinga ya wanyonge na bunduki yako ni mnyonge aliyesingiziwa, naomba yafuatayo.

Maganda matatu yakamatwe, yafikishwe barazani, na yashtakiwe kwa kosa la kunenepa bila cheti. Kama yatakaa kimya mbele yako, hilo lisihesabiwe kuwa adabu, kwa maana mbele yangu yalisema mengi. Yapewe ishirini na tano kila moja. Ninajua ni vigumu kumlaza chini mtu wa milimita sitini, lakini askari wako ni hodari na wamewahi kuwalaza wadogo.

Itangazwe pia kwa ngoma, Uluguru nzima, kwamba tangu leo shaba ni marufuku kutanuka ikipata moto. Ikibidi kutanuka, itanuke sawa kwa kila bunduki, ya akida na ya askari, ili asiwepo tena mtu wa kuzitofautisha. Na hivyo vishimo vya kutu vigawiwe kwa usawa, kila bunduki ya serikali kimoja.

Kipimo changu kichukuliwe kikatupwe Ruvu penye kina. Mtu wa hali yangu alitakiwa kujua jembe, shoka na bawaba. Kimenifanya nijue ukubwa wa tumbo la bunduki ya mkubwa wangu, jambo ambalo si la heshima, na tangu nilijue silali vizuri.

Halafu magobore yote yaamriwe kutaga. Hili ndilo la lazima zaidi, Bwana Akida, na naomba lisichelewe. Hukumu ya serikali imekwisha kusema kwamba gobore moja la Matombo liliacha maganda matatu nyuma ya kichuguu. Serikali haikosei. Basi aliyekosea ni gobore, kwa kutokuwa na maganda, na ni juu ya magobore kujirekebisha yaifuate hukumu. Niko tayari kuyafundisha. Ninaye kuku.

Na wakati mambo hayo yanatengenezwa, ambayo najua yatachukua muda, naomba Stefano afunguliwe kabla ya Jumatatu. Sisemi kwamba hana hatia, nitakuwa nani mimi? Nasema tu kwamba hukumu yake haijakamilika mpaka gobore lake litage mbele ya mashahidi, na si vizuri mtu kwenda kuvunja mawe kwa kesi ambayo silaha yake bado iko shuleni. Neno lako moja kwa boma linatosha. Lilitosha kumfunga, na kufungua si kazi kubwa kuliko kufunga. Waweza kusema kwamba umetafakari. Au sema tembo alijifia, kama wenzake.

Akirudi nitamkalisha karibu nami, ale, akohoe, asiguse kisu. Pembe hatutaziuliza. Bunduki yako nitaendelea kuipaka mafuta, nami nitakuwa kipofu wa vipele mpaka kufa kwangu.

Nisalimie wake zako wote wawili, na mama mkwe kama bado yupo. Nisalimie karani wako Ahmadi, mwambie kalamu yake niliyoitia ncha aitumie polepole. Wasalimie askari waliokusanya maganda, natumaini chafya zimepungua. Salamu kwa punda wako, na kwa paa la nyumba yako, ambalo nasikia bado linavuja. Huku kwetu wote wanakusalimu kwa majina, isipokuwa Mwanaasha, ambaye alisema atakusalimu mwenyewe.

Ni mimi fundi wako, niliyeinama mpaka kiuno kimeuma,
Agustino, Matombo.

Tanbihi. Kabla ya kuifunga nimemsomea dada yangu barua hii. Nilitegemea acheke pale kwenye magobore. Hakucheka popote. Nilipomaliza aliniuliza, kama mtu akimla mwanangu, je, nitamwandikia kumshukuru kwa kupangusa mdomo? Kisha akaniuliza nilikuwa napima nini mwezi mzima. Nikaanza kumweleza habari za tumbo na kipele na sehemu sita, akanikatiza. Alisema gobore halina ganda, na mtoto wa miaka saba analijua hilo. Alisema Bwana Mkubwa wa boma ni mwanajeshi, kwa hiyo alilijua siku ya kwanza, kabla mimi sijakitoa kipimo mfukoni.

Nimepima unywele siku thelathini na zaidi ili nisilazimike kwenda kusema jambo lililokuwa wazi kwa kila mtu aliyesimama pale kwenye tembo. Niliogopa. Huo ndio ukweli, na hauna sehemu za milimita.

Kwa hiyo, Bwana Akida, nimelifuta jina lako juu ya bahasha. Barua hii haiji kwako.

Bwana Mkubwa wa boma, unayeisoma sasa: yote niliyoandika hapo juu kwa kuinama, yasome yakiwa yamesimama wima. Bunduki iliyompiga tembo ni ya Akida Abasi. Aliyemjazia risasi miaka minne ni mimi, Agustino, kwa mikono yangu. Stefano alikwenda kuchukua nyama. Na wewe ulijua kwamba gobore halina ganda, ukatia sahihi. Kristina amenisimamia hapa mpaka nimeliandika hilo, na sasa limeandikwa.

Tunatoka kesho alfajiri, yeye na mimi. Ijumaa tutakuwa mlangoni kwako na maganda yote matatu. Sheria ya kujaza risasi naijua, na kifungo chake. Wiki mbili zilizopita nilipishana njiani na wafungwa wako, Stefano akiwa wa nne kwenye mnyororo, na macho yangu ya kifundi yakapima kabla sijayakataza. Ile pete ya chuma inampwaya shingoni. Mimi itanitosha.